Kifaa cha Type-C kisichochaji kwa waya wa C kwa C si Type-C, acheni kutuuzia

Wakuu, hili limezidi sasa. Tochi, mashine za kunyolea, feni za mkononi, spika ndogo, redio: boksi limeandikwa Type-C, tundu kweli ni la Type-C, lakini chomeka chaja ya kisasa yenye waya wa C kwa C uone. Kimya, hata taa haiwaki. Mteja akirudisha dukani anaambiwa "tumia waya uliokuja nao", na waya wenyewe ni kipande kifupi chenye USB pana ya zamani upande wa pili. Sasa hiyo Type-C ni ya nini?

Chaja haina kosa, msikubali kuuziwa nyingine. Waya wa C kwa C unafanana ncha zote mbili, kwa hiyo chaja haijui kama huko mbele kuna kifaa kinachotaka umeme au kuna chaja mwenzake. Ndiyo maana tundu lake la C linakaa volti 0 mpaka lione rezista (kijipande cha kupunguza mkondo wa umeme) ya ohm 5,100 (fundi anaiita 5.1k) kati ya pini ya CC, yaani pini ya kutambua kilichochomekwa, na hasi. Ikiiona tu, inaachia volti 5. USB pana haiulizi kitu, volti 5 ziko pale muda wote, na ndiyo siri ya kile kiwaya kifupi. Kiwanda kimeruka rezista mbili, moja ya CC1 na moja ya CC2 (tundu lina CC mbili, moja kwa kila upande wa kuchomeka), ambazo kwa bei ya jumla hazifikishi shilingi 50 za Tanzania. Kwa ubahili huo mnunuzi abebe waya wa pili mpaka kifaa kife! Inaudhi mno.

Kupima ni rahisi. Jaribu C kwa C, kisha geuza kichwa cha waya kwenye kifaa ujaribu tena. Kikigoma pande zote mbili lakini kikachaji kwa USB pana, rezista hazipo. Kikichaji upande mmoja tu, moja haipo au risasi ya pini yake imeachia.

Mafundi: toa betri kwanza, weka mita kwenye 20k, pima pini A5 (ndiyo CC1) na hasi, halafu B5 (CC2) na hasi. Kila moja isome karibu 5.1. Isiposoma, lehemu rezista yenye rangi kijani, kahawia, nyekundu, KILA PINI NA YAKE. Msiziunganishe CC zote mbili kwenye rezista moja ili kuokoa nafasi. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, ilitoka mwaka 2019 na kosa hilohilo, ikagoma kuwaka kwa nyaya zenye chipu ndani (zile za laptop) mpaka bodi ikasahihishwa. Kuna matundu mengine ya hovyo zaidi, yana miguu ya umeme tu, CC hakuna kabisa. Hapo badilisha tundu, weka la pini 6.

Asiyetaka kufungua kifaa achomeke OTG ya Type-C (adapta yenye kichwa cha C upande mmoja na tundu la USB pana upande wa pili) kwenye chaja, kisha kile kiwaya kifupi kwenye OTG. OTG ina hiyo rezista ndani, chaja itaachia umeme.

Na nyie mnaoagiza mzigo: kabla ya kulipia katoni, jaribuni sampuli moja kwa waya wa C kwa C. Ni dakika moja. Ikigoma, mwambieni kiwanda aweke rezista au mzigo ubaki kwake.

NYONGEZA: wanaosema chaja ya wati 65 itaunguza tochi, hapana. Chaja isiyo mbovu haipandi juu ya volti 5 mpaka kifaa chenyewe kiombe, na tochi haina chipu ya kuomba. Ikishawekewa rezista, itapata volti 5 zake tu.