Mjadala: Askari wa kwenye postikadi za Mjerumani atundikwe ukutani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Postikadi za vita vya 1914 hadi 1918 zinazomwonyesha askari wa Mjerumani, yaani Mwafrika aliyepigana katika jeshi la kikoloni la Wajerumani huku Afrika Mashariki, zinagombewa na wakusanyaji na zinasambazwa sana mitandaoni. Wapo pia wanaozikuza na kupambia kuta za hoteli na migahawa. Msimamo wangu ni huu: zisiwe pambo. Makumbusho na darasani ziwekwe, ila na mpagazi, yule mbeba mizigo wa jeshi, awepo kwenye ukuta huohuo.

Tazama kadi yenyewe. Askari amesimama wima, bunduki mkononi, kofia ina kitambaa cha kufunika shingo na beji ya tai wa Mjerumani. Maelezo yanataja cheo au kabila, jina hakuna. Vita vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani yetu na posta ikawa haipiti kirahisi. Kwa hiyo Mjerumani aliyenunua kadi Berlin mwaka 1916 mara nyingi aliuziwa picha iliyopigwa wakati wa amani, au mchoro wa mtu ambaye vita vile hakuviona kwa macho yake.

Kuna bango la mwaka 1918 la mchoraji Fritz Grotemeyer, la kuchangisha fedha za wapiganaji wa makoloni. Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, yuko juu ya farasi, askari wanamfuata. Farasi! Kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, walikopigana mwishoni, ni nchi ya mbung'o, wadudu wanaoeneza ugonjwa unaoua farasi. Farasi na nyumbu wa mizigo wa Waingereza walikufa kwa maelfu, ndiyo maana mzigo ukahamia vichwani na mabegani mwa watu: risasi, mahema, unga, hata vipande vya mizinga. Mahali pa mtu aliyebeba, mchoraji kaweka farasi.

Picha hizo ziliendelea kufanya kazi baada ya vita. Ujerumani ilinyang'anywa makoloni mwaka 1919 kwa madai kwamba haikufaa kutawala. Wapenda ukoloni wao wakamnyanyua "askari mwaminifu" kama ushahidi: tazameni walivyotupenda. Wengi waliotoroka, hasa mwaka 1917, hawakuchapishiwa kadi.

Mchangiaji, Tabora

Mada nzito mkuu, ila nakupinga. Babu mzaa babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Kwetu hakuna kaburi lake wala barua yake. Kadi ya aina hiyo, hata kama si yeye, ndiyo sura pekee niliyonayo ya watu wa rika lake. Alisimama wima kwa sababu alijiona mtu mzito: alikuwa na mshahara, na mke na watoto walisafiri na kikosi. Ukisema picha ni ya Mjerumani tu, unamnyang'anya hata ule usimamaji wake. Na mbona Sanamu ya Askari pale Samora, Dar es Salaam, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927, hakuna anayedai ifunikwe?

Mchangiaji, Songea

Shikamooni wakubwa. Mnamzungumzia askari kana kwamba alianza kazi 1914. Jeshi hilohilo ndilo lililopita huku wakati wa Majimaji, 1905 hadi 1907. Maghala yalichomwa, mashamba yakateketezwa, njaa ikaua kuliko risasi. Wako wanaokadiria waliokufa kufikia 300,000. Viongozi wa Wangoni walinyongwa hapahapa Februari 1906, na Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja kuomba radhi Novemba 2023. Kaka wa Tabora, simlaumu babu yako kwa jambo nisilolijua. Lakini mtoto wa huku akiingia hotelini akamkuta askari yule kachapishwa ukubwa wa mlango, juu ya meza ya kahawa, anaambiwa nini kuhusu bibi zake?

Mleta mada

Dada wa Songea, marahaba, na umenipeleka mbali kuliko nilikoanzia. Nilidai mpagazi tu. Sasa nadai pia historia ya kikosi: picha ikijulikana ni ya kampuni gani ya jeshi, iandikwe kampuni hiyo ilipita wapi kabla ya vita vikuu na ilifanya nini huko.

Ndugu wa Tabora, usimamaji wa babu yako siugusi. Kuhusu sanamu ya Dar, soma kibao chake: kinawataja wapagazi waziwazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu juu kasimama mtu mmoja tu wa shaba, mwenye bunduki. Nairobi, kwenye sanamu ya mwaka 1928, mpagazi kasimama pamoja na wapiganaji. Kwa hiyo Waingereza haohao waliweza kumwonyesha walipotaka.

Na hesabu ni hizi. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, leo Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Wapagazi waliokuwa naye waliwazidi askari. Upande wa Waingereza, ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mwenye hoteli akitaka kadi, aweke na picha ya msafara wa wapagazi, ukubwa uleule, na hesabu hizo chini yake kwa Kiswahili. Akiona zinaharibu mandhari, aishushe na ya askari.

Mchangiaji, Tabora

Hotelini nakubali. Sebuleni kwangu haishuki, na watoto nitawaeleza mwenyewe, Songea ikiwemo.