Warsha ya lino kwa watu wazima: chapa zinatoka na madoa meupe

Msanii_Upanga: Wakuu, habari. Tunaandaa warsha ya Jumamosi kwenye jumba la sanaa hapa Dar, watu wazima 10 ambao hawajawahi kushika bobari (patasi ndogo ya kuchongea). Kila mtu anachonga kipande cha A5 cha lino (kibao laini kinachochongwa, kupakwa wino, kisha kuchapwa kwenye karatasi) na kuondoka na nakala 3. Mashine ya kuchapia hatuna, tunasugua kwa kijiko. Kwenye majaribio sehemu nyeusi zinatoka na madoa meupe, halafu mistari myembamba inazibwa. Wino ni wa maji, karatasi ni ya rangi za maji, gramu 300. Kosa liko wapi? Na muda wa saa 3 unatosha?

Fundi Bobari: Anza na karatasi. Hiyo ya gramu 300 ni nene na ina vinundu, nguvu ya kijiko haifiki mpaka kwenye wino. Tafuta laini ya gramu 80 hadi 120. Sugua kwa mgongo wa kijiko, miduara midogo, kutoka katikati kwenda ukingoni. Kisha inua pembe moja tu uchungulie huku mkono mwingine umebana upande wa pili. Pakiwa hafifu, rudisha pembe usugue tena palepale. Ukishaibandua yote, huwezi kuirudisha ikae sawasawa.

Mistari kuzibwa ni shida nyingine: wino mwingi kwa mkupuo mmoja. Weka kiasi cha nusu kijiko cha chai juu ya kioo, utandaze kwa rola mpaka usikie mchakacho mwembamba. Rola ikitoa sauti ya kunata, wino umezidi, punguza. Paka lino tabaka jembamba mara 3 au 4, ukibadili mwelekeo. Na feni izimwe wakati wa kuchapa! Wino wa maji kwa joto letu unakauka kwenye kioo kabla karatasi haijafika, na madoa mengine yanatoka hapo.

Kibao na Wino: Naongezea upande wa kuchonga, maana ndiko muda unakopotelea. Saa 3 zinatosha mchoro ukiwa mwepesi: dakika 30 kuchora, 75 kuchonga, saa nzima kuchapa, zinazobaki ni usafi.

Wakumbushe mapema kwamba picha inatoka imegeuka, hasa wanaotaka kuandika majina. Wachore kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, walaze upande wenye penseli juu ya lino, wasugue mgongoni; mchoro utageuka kwenye lino na chapa itatoka sawa.

Lino ikiwa ngumu, ianike juani dakika chache, italainika. Bobari ya V ni ya mistari, ya U ni ya kusafisha uwanja, yaani sehemu pana. Kwenye kona zungusha lino, siyo bobari. Mkono unaoshikilia lino ukae nyuma ya ncha siku zote; hapo simamia kwa ukali, maana bobari huteleza bila taarifa. Kuta za mstari ziwe na mteremko. Ukichimba kwa ndani chini ya mstari, unabaki hauna egemeo na unavunjika wakati wa kusugua. Ukiona nyuzi za juti zilizo mgongoni mwa lino, umepita kina.

Msanii_Upanga: Shukrani sana. Na wanaotaka rangi?

Fundi Bobari: Rangi itangulie, nyeusi ifuate. Wapake akriliki mabaka mapana kwenye karatasi dakika zile za mwanzo, maji kidogo ili isijikunje, iachwe ikauke wakati wanachonga. Kupaka rangi za maji juu ya chapa ya wino wa maji haifai, nyeusi itayeyuka. Wino wa mafuta unavumilia, ila unachukua siku kadhaa kukauka, kwa hiyo hawataondoka na nakala zao.

Kibao na Wino: Nyeusi peke yake pia inatosha kabisa. Waonyeshe chapa za John Muafangejo wa Namibia (1943–1987): lino, nyeusi na nyeupe, maneno yamechongwa ndani ya picha. Mgeni akiona zile, anaacha kuhangaika na vistari vidogovidogo na anachonga maumbo makubwa ambayo kijiko kinayamudu.