Mkutano wa injili wa siku 5: waongofu tuwapokeeje wasipotee?

KatibuUinjilisti
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kamati yetu inaandaa mkutano wa hadhara Morogoro mjini, Jumatano hadi Jumapili. Mhubiri, kwaya na vyombo viko tayari. Wasiwasi wangu ni baada ya hapo: watu wananyoosha mikono, wanaongozwa sala ya toba, wiki mbili baadaye huwaoni. Tuandae nini mapema? Halafu majirani wengi wa uwanja ni Waislamu, tusingependa kukwaruzana nao.

MleziWaWaongofu
Asifiwe sana, mtumishi. Ufuatiliaji unapangwa kabla jukwaa halijajengwa. Ukisubiri Jumatatu umeshachelewa. Mkitarajia waongofu 100, andaeni washauri 25, kila mmoja watu 4. Mshauri mwenye watu 10 atawapigia watatu, wengine watasahaulika.

Kadi ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Ina jina na namba ya simu tu, na simu yenyewe ni ya shemeji. Andikeni jina analoitwa mtaani, mtaa, alama ya karibu (“nyuma ya mashine ya kusaga, geti la bluu”), namba mbili na kila moja ni ya nani, na saa anazopatikana. Kisha swali hili lisikose: “Unasali wapi sasa?” Wengi wanaokuja mbele ni washirika wa makanisa mengine. Ukiwahesabu kuwa waongofu wapya unajidanganya, na unambebea mchungaji mwenzako kondoo wake. Hao warudisheni kwao. Kadi ajaze mshauri mwenyewe, maana si kila mtu anajua kuandika. Nakala moja abaki nayo, nyingine ifike kwa katibu siku ileile.

Simu ipigwe ndani ya saa 24, atembelewe ndani ya siku 3, mwanamke atembelewe na mwanamke. Mpelekeni kwanza kwenye jumuiya ya mtaani kwake, ibada kuu ifuate. Kwenye ibada ya watu 600 mgeni anamezwa. Sebuleni kwa watu 12 asipofika wataulizana yuko wapi.

MzeeWaKanisa
Niongeze la majirani. Sheria inataka polisi wa eneo wapewe taarifa si chini ya saa 48 kabla, ila pelekeni barua wiki 2 mapema, mkianzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Spika zielekee kwa wasikilizaji, ziinamishwe kidogo, zisitazame msikiti wala zahanati. Malizeni kabla ya adhana ya Magharibi, na Ijumaa mchana msijaribu vyombo.

Mhubiri apewe masharti kwa maandishi: huu si mhadhara wa kubishana dini, na asiyesoma vizuri Kurani asiinukuu jukwaani. Kwenye maombezi, mtu yeyote asiambiwe aache ARV, dawa za kisukari au za presha. Hilo linaua, na mwenye kulijibu mbele za Mungu ni sisi.

Msigawe unga na mafuta pale mnapowaita watu mbele. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikani na Muungano wa Kiinjili Duniani walitoa mwongozo wa pamoja unaokataa kutumia umaskini wa mtu kumvuta kwenye imani. Mkiwa na msaada, utoeni siku nyingine kupitia mtaa, kwa wahitaji wa dini zote.

TafakariUtume
Naona bado tunapima vibaya. Mkutano wa dunia wa utume na uinjilisti uliofanyika Arusha Machi 2018 uliweka mkazo kwenye ufuasi unaobadilisha maisha. Basi ripoti ya kamati isiandike mikono iliyonyooshwa. Iandike, baada ya miezi 6, wangapi wako kwenye jumuiya.

Na bajeti ifuate hilo. Kwenye milioni 6, tengeni milioni 2 za nauli, Biblia na vocha kabla hamjalipa jukwaa. Mfadhili wa nje hupenda picha ya umati; nauli ya bodaboda ya mshauri haina picha. Mchungaji John Gatu wa Kenya aliposema mwaka 1971 kwamba wamisionari na fedha za nje visimame kwa muda, alitaka makanisa ya Afrika yajitegemee. Nauli hiyo usharika wenyewe unaweza kuichanga.

KatibuUinjilisti
Asanteni sana. Na anayetoka familia ya Kiislamu, naye tumfuate nyumbani?

MleziWaWaongofu
Hapana, mtumishi, mpaka mwenyewe aseme. Ongezeni mstari kwenye kadi: “Tukutane wapi?” Jina lake lisitajwe kwenye kipaza sauti, picha yake isiingie kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na ubatizo usiharakishwe. Akiwa chini ya miaka 18, zungumzeni na wazazi kwanza.