Tupeane uzoefu: mnafundishaje watoto wadogo nje ya darasa?

Habari wadau. Nafundisha awali huku Tukuyu, ambako mvua haituishi. Mzazi mmoja alinijia juu: "Mwalimu, nalipa mchango mwanangu aje kuchezea tope?" Nikamwomba akae nasi kidogo. Watoto walikuwa wamepanda maharage na mahindi kwenye tuta moja, na mwanawe akamwonyesha mwenyewe: harage limechomoza limebeba mbegu kichwani, imepasuka vipande viwili, ila hindi limeiacha yake chini ya udongo. Baba akachuchumaa, akafukua kidogo kuhakikisha. Siku hizi anatuletea samadi. Ninyi wenzangu mnafanyaje?

*

Hongera mwalimu. Niko Iringa mjini, la kwanza na la pili. Bembea hatuna, tunatumia kivuli cha mlingoti wa bendera. Juni, saa sita mchana, tuliweka jiwe kwenye ncha ya kivuli, upande wa kusini. Desemba kabla ya kufunga shule tukarudia: kivuli kimehamia kaskazini! Walibishana mpaka kengele ikalia, wengine wakidai mlingoti umehamishwa. Sikuwapa jibu. Niliwauliza tu jua lilikuwa wapi siku ile na liko wapi leo, wakaanza kunyoosha vidole juu.

*

Mimi mzazi, Makete. Naunga mkono, lakini Juni na Julai huku asubuhi kuna sakitu. Walimu wetu, subirini jua lipande ndipo muwatoe. Wangu ana pumu.

*

Sahihi kabisa dada. Sisi miezi hiyo tunatoka baada ya uji.

*

Uyole hapa. Watoto ni wengi, mwalimu mmoja. Kundi moja linacheza rede na kuhesabu pointi lenyewe, jingine nakaa nalo kwenye majani. Zamani wakimwona kinyonga waliokota mawe, maana nyumbani wanaambiwa ana mkosi. Tulimtazama kwa mbali, tukaona jicho moja linaangalia mbele, jingine nyuma. Sasa wakimwona wananiita kwa kunong'ona asikimbie, ingawa mwendo wake wanaujua. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kukariri herufi.

Swali: wenye bustani, mbuzi mnawazuiaje? Mchicha wetu wameumaliza.

*

Mianzi, mwalimu. Pasua, suka ukuta, funga mlango kwa kamba. Waite wazazi Jumamosi, kazi ya siku moja.