Oktanoli yangu imepoteza nusu ya mzunguko, niandike SN1?

Kaboni_ya_Pili: Wakuu, salaam. Usingizi sipati. Nimechemsha (R)-2-bromooktani na hidroksidi ya sodiamu nipate (S)-2-oktanoli (R na S ni pande mbili za molekuli, kama mkono wa kulia na wa kushoto). Polarimita, kile kifaa cha kupima mzunguko, yaani nyuzi ambazo dutu inazungusha mwanga, ilitakiwa isome kama +9, imesoma +4.5. Ripoti ni keshokutwa na nimeshaanza kuandika kwamba ni SN1, yaani bromidi ilijiondokea kwanza, hidroksidi ikaingia upande wowote na pande mbili zikachanganyika. Niko sawa?

Mzee_wa_Maabara: Nukleofili (kishambulizi cha kaboni) kali hivyo? Hiyo ni SN2, kuingia na kutoka kwa mpigo mmoja. Hidroksidi inaingia kwa nyuma, bromidi inatoka kwa mbele, kaboni inageuka kama mkono wa shati unapovuliwa. Bromooktani yenyewe ulinunua au ulitengeneza?

Kaboni_ya_Pili: Bromooktani haina shida mkuu, ilikuwa safi.

Dada_Asidi: Umenikumbusha Walden, 1896. Aliigeuza asidi maliki kuwa asidi klorosaksiniki, akarudi na asidi maliki ya upande wa pili! Mimi mwaka wa kwanza nilivunja mrija wa polarimita, nikalia mpaka macho yakavimba. Pole mdogo wangu.

Mzee_wa_Maabara: Hujanijibu, kijana.

Kaboni_ya_Pili: Nilitengeneza. (S)-2-oktanoli nikaifanya tosilati (ili kundi lake la OH liondoke kirahisi), kisha bromidi ya lithiamu ndani ya asetoni. Ilichemka Ijumaa hadi Jumatatu. Lakini muda mrefu si ndio unaongeza mazao? Na SN1 imeshajaza kurasa 3.

Mzee_wa_Maabara: Hapo ndipo ulipojichongea. Bromidi ya lithiamu iliyozidi iliendelea kuishambulia bromooktani uliyokwishapata, na kila shambulio linageuza molekuli. Molekuli 1 ikigeuka, inafuta pia mzunguko wa mwenzake. Kwa hiyo umepoteza nusu ya mzunguko, ila zilizo upande usiotakiwa ni robo tu. Mwaka 1935 Hughes na wenzake walilionyesha hili kwa 2-iodooktani na iodidi yenye mnururisho: mzunguko ulipotea kwa kasi mara 2 ya ile ya kubadilishana iodidi.

Chupa_Tupu: Uzi wa kutunga huu. Nusu kamili ya +9? Swali la mtihani hilo, anafanyiwa kazi na watu wazima.

Kaboni_ya_Pili: Nilikadiria, daftari linasema +4.46. Mikono bado inanuka oktanoli, nimenawa mara 4. Bromooktani nyingine ipo kwenye friji.

Dada_Asidi: Chupa, mwache mtoto wa watu.

Mzee_wa_Maabara: Basi ipime hiyo ya friji.

Kaboni_ya_Pili: Nimetoka kuipima sasa hivi. Nayo ni nusu, kumbe iliharibika kabla ya hidroksidi. Kurasa 3 nimezifuta, naomba mnielekeze: asetoni niichemshe kwa muda wa saa ngapi?