Kwa nini mnana hukifumua kiota alichokisuka mwenyewe?

Jirani wa Mnazi: Ndugu zangu, salamu. Nyuma ya nyumba yetu hapa Morogoro kuna mnazi ambao minana, wale wa manjano wenye kichwa cheusi, wameutundika viota visivyopungua ishirini. Jumamosi nilimwona dume mmoja akikifumua kiota ambacho kwa macho yangu hakikuwa na kasoro yoyote, akaziangusha chane moja moja, na kesho yake akaanza kingine palepale. Je, alikosea wapi? Na ni nani aliyemfundisha kusuka?

Mama Ukindu: Mwanangu, hakukosea kitu, alikosa mchumba. Anayejenga ni dume, naye hujining'iniza mlangoni akipigapiga mabawa ili jike aje kukagua. Kiota kikikauka na kupoteza ukijani wake kabla ya kupata mwenyewe, majike hawakitaki tena, kwa hiyo dume hukifumua apate nafasi ya kusuka kipya. Sisi wasuka mikeka tunamwelewa: chane kavu hukatika, ndiyo maana tunazilowesha, yeye asiye na beseni hutumia mbichi.

Mwalimu Mstaafu: Mama amesema kweli. Mtazame anapochana: huung'ata ukingo wa kuti, akaibana ncha kwa mdomo, kisha akaruka nayo, na ukanda mrefu ukachanika kwa nguvu ya mruko huo. Akifika kwenye kijiti huikanyaga ncha moja na kuipitisha nyingine chini na juu hadi ikaze. Kwanza husuka pete ya wima, naye husimama ndani yake muda wote wa kazi, hivyo mwili wake ndio rula: mbele yake hutokea chumba cha mayai, na upande wa pili ukumbi ambao mlango wake hutazama chini. Jike akiridhika, ndiye anayetandika manyasi laini na manyoya.

Kuhusu mafunzo, watafiti wa Marekani Nicholas na Elsie Collias waliwalea madume wachanga bila majani ya kusukia. Walipopewa baadaye, walijaribu kusuka, lakini hata kuchana kuliwashinda mpaka walipofanya mazoezi. Viota vya vijana, hata porini, huwa ovyo ovyo.

Jirani wa Mnazi: Shikamoo Mama, shikamoo Mwalimu, nawashukuru. Leo nimeokota kimoja kilichoangushwa na upepo. Pete ipo kweli, tena ngumu kuliko sehemu nyingine zote, na ndani nimekuta manyoya ya kuku wetu. Kumbe hiki kilikuwa kimekubaliwa.