Ombi la hataza ya kava la drili ya upasuaji: mchunguzi amepinga madai karibu yote, tujibu vipi?

FundiVifaa_Moshi

Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo wa wanaojua mambo ya hataza (patent, haki ya kulinda uvumbuzi), na pia wanaofanya kazi kwenye chumba cha upasuaji.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa Moshi. Mwenzangu ana karakana Majengo, anashona na kuunganisha plastiki kwa joto. Tumebuni kava la kutumika mara moja la kufunika drili ya betri, hii hii ya dukani anayotumia seremala, ili daktari wa mifupa aweze kuitumia kutoboa mfupa. Anayefanya kazi wodi ya mifupa hahitaji maelezo marefu. Majeruhi wa bodaboda ni wengi, drili halisi za upasuaji bei yake inatisha, na ikiharibika vipuri ni shida. Drili ya dukani nayo huwezi kuiweka kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), maana mvuke wa nyuzi 121 au 134 unaua betri na mota. Kwa hiyo drili inabaki ndani ya kava ikiwa haina usafi wa upasuaji, kava lenyewe ni steraili (halina vijidudu), na mbele kinatoka kishikio cha keekee, ile ncha ya kutobolea, ambacho kimepita otoklevu.

Tuliomba hataza kwa utaratibu wa Itifaki ya Harare, wa ombi moja kwa nchi kadhaa za Afrika kupitia ARIPO, tukazitaja Tanzania, Kenya na Uganda. Sasa taarifa ya uchunguzi wa madai yetu, yaani sentensi zinazotaja tunachotaka kilindwe, imefika. Mchunguzi anasema dai la 1 (kava steraili la kutumika mara moja, lenye mwili wa mfuko laini, mlango wa nyuma na tundu la mbele lenye pete) halina upya, kwa sababu kuna ombi la zamani la Marekani la mfuko wa plastiki wa drili lenye vitu hivyo vyote. Nitaliita N1. Dai la 3, la mkunjo kwenye mdomo wa mlango wa nyuma, anasema halina hatua ya uvumbuzi (yaani fundi yeyote angelifikia kirahisi), kwa kuwa mkunjo kama huo upo kwenye makava ya kamera za upasuaji, N2. Dai la 4, mstari wa vitobo unaochanika, anasema ni jambo la kawaida, hakutaja nyaraka. Dai la 6, njia ya kutoboa mfupa kwa kutumia kava letu, anasema halipewi hataza kabisa.

Mwenzangu anasema tuachane nalo, hela iliyobaki tununue mashine nyingine ya kuunganisha plastiki. Mimi roho inakataa. Tufanyeje?

Mzee wa Madai

Hongera kwanza. Taarifa ya namna hii siyo kukataliwa. Maombi mengi ya hataza hupata pingamizi raundi ya kwanza, na kazi yenyewe huanzia hapo.

Kabla sijasema mengi, nijibu matatu. Mliionyesha kazi hii kwa watu kabla ya tarehe ya kuwasilisha? Ule mstari wa vitobo umeelezwa kwa kina kiasi gani kwenye maelezo na michoro? Na ombi limeshachapishwa? Kama halijachapishwa, usiandike hapa kitu chochote cha kiufundi zaidi ya ulichokwisha kusema. Mtandao ni hadharani kama gazeti.

FundiVifaa_Moshi

Shikamoo mzee. Limeshachapishwa, kwa hiyo nayaandika yaliyomo tu. Tuliwasilisha kwanza, ndipo tukaonyesha kwenye Nane Nane Njiro. Vitobo vina aya nzima na mchoro wa 4.

Kijenge77

Mkuu nikwambie ukweli, hataza ni za makampuni makubwa. Mchina ataliona, atalitoa kwa bei ya nusu, utampeleka mahakama gani? Sikiliza mwenzako, nunueni mashine.

Mzee wa Madai

Marahaba FundiVifaa. Vizuri sana mlivyoanza na kuwasilisha. Ulaya ukishaonyesha hadharani kabla ya kuwasilisha umejiharibia upya mwenyewe, isipokuwa kwa matukio machache mno. Marekani wanakupa mwaka mmoja. Kama siku moja mtataka kwenda huko, utaratibu huu wa kuwasilisha kwanza ndio unaowalinda.

Kijenge, hoja yako ina uzito ila ina shimo. Ni kweli hataza ya nchi tatu haimzuii mtu kutengeneza Guangzhou. Lakini haki ya mwenye hataza inagusa pia kuingiza na kuuza ndani ya nchi. Kontena likishushwa Dar au Mombasa, hapo ana la kusema. Na wanunuzi wa vifaa hivi ni hospitali na taasisi chache zinazofahamika, siyo watu wa mnadani.

Sasa madai yenyewe. Dai la 1, msihangaike kulitetea lilivyo. Naona mmeweka nguvu kwenye maneno "steraili" na "la kutumika mara moja". Kwa mchunguzi maneno hayo hayabebi uzito mkubwa. Mfuko wa N1 ukiweza kusterailiwa, na ukiweza kutumika mara moja ukatupwa, basi anaweza kusema unaingia ndani ya dai lenu hata kama mwenye N1 hakutamka hivyo. Kusema kitu ni "cha" kazi fulani maana yake kinafaa kwa kazi hiyo, basi. Kama kava lenu kweli haliwezi kutumika mara ya pili, dai lioneshe ni kitu gani kwenye umbo lake kinacholizuia.

Dai la 6 mchunguzi yuko sahihi. Hata sheria yetu ya hataza, ile ya 1987, inaziweka nje njia za kutibu mwili wa binadamu kwa upasuaji, ila bidhaa zinazotumika kwenye njia hizo zinaruhusiwa. Lifuteni. Kama maelezo yenu yanaeleza namna ya kuiingiza drili kwenye kava kabla mgonjwa hajaguswa, hiyo ni kuandaa kifaa, inaweza kusimama kama dai jipya.

SistaMstaafu

Nimekaa chumba cha upasuaji miaka mingi, naomba niseme kidogo kuhusu hilo kava maana nimelifikiria tangu jana.

Pale pana watu wawili. Aliyeskrabu, yaani aliyeosha mikono na kuvaa mavazi steraili, ameshika kava, vidole vyake vimejificha chini ya mkunjo wa mdomo. Msaidizi wa nje, ambaye glovu zake si steraili, anaishika drili kwa mpini na kuishusha ndani bila kugusa ukingo. Kisha anavuta ule mkunjo kwa upande wa ndani na kuufunga. Mkono wake ukigusa nje ya kava hata mara moja, kava linatupwa na mnaanza upya, daktari amesimama mikono juu. Kwa hiyo mkunjo ni muhimu, lakini mwanangu, mkunjo wa hivyo tumeuona kwenye kava za darubini na za kamera kwa miaka. Hapo mchunguzi hajawaonea.

Kilichonigusa mimi ni vitobo. Nimeona kwa macho yangu, sitaji wapi, vifaa vilivyoandikwa vitumike mara moja vikioshwa, vikaanikwa, vikarudishwa kwenye pakiti. Si kwa ubaya, ni kwa kukosa. Mfuko wa plastiki ukishaoshwa na kupita joto unakuwa na vinyufa usivyoviona, damu inaingia kwenye drili, na kesho yake drili ile ile inaenda kwa mgonjwa mwingine. Kava linalokataa kurudiwa lina maana kubwa.

Ila nina hofu mbili. Vitobo ni matundu: maji na damu vitapita? Na daktari akiisukuma drili kwa nguvu kwenye paja la mtu mzima, kava si litachanika katikati ya kazi?

FundiVifaa_Moshi

Sista, shikamoo, na asante sana. Hofu zako ndizo zilizotuhangaisha zaidi. Vitobo vimepangwa kuvuka pale mlango wa nyuma unapofungwa, na ule utepe wa gundi unaofunga mlango unapita juu ya vitobo vyote na kuviziba. Wakati wa kazi hakuna tundu lililo wazi. Nguvu ya kusukuma inabebwa na pete ya mbele, inayobana kwenye shingo ya drili isiyozunguka, kwa hiyo plastiki haivutwi na haijifungi kwenye keekee. Kazi ikiisha, huwezi kuitoa drili bila kuubandua utepe, na utepe ukibanduka unachana mwili wa mfuko kuanzia mlangoni hadi karibu na pete. Hakuna cha kuosha tena.

Mshono wa sindano tuliuacha mapema kwa sababu hiyo hiyo ya matundu. Kila kiungo ni cha joto.

Mzee wa Madai

Kumbe! Sasa haya uliyoyaandika hapa yako kwenye dai gani?

FundiVifaa_Moshi

Hayako kwenye dai lolote mzee. Dai la 4 linasema tu "kava kama la dai la 1, lenye mstari wa vitobo". Habari ya utepe iko kwenye maelezo na mchoro wa 4.

Mzee wa Madai

Basi uvumbuzi wenu uko hapo, na mmeuacha nje ya madai. Mstari wa vitobo peke yake uko hata kwenye karatasi za chooni, mchunguzi ana haki kusema ni wa kawaida. Utepe wa kufunga peke yake nao ni wa kawaida. Lakini kitu kimoja kinachofanya kazi mbili zinazopingana, kuziba vitobo wakati wa matumizi na kuvichana wakati wa kufungua, hiyo ni habari nyingine. Viungo vinategemeana, na matokeo yake hayapatikani kwa kuvipanga tu pembeni kwa pembeni.

Kwenye barua fuateni hatua za njia ya tatizo na suluhisho, iliyozoeleka kwa Ofisi ya Hataza ya Ulaya na ambayo wachunguzi wengi wanaielewa. Anzeni na N1 kama kitu cha karibu zaidi. Semeni tofauti ni nini: utepe unaovuka na kuziba vitobo. Semeni tofauti hiyo inaleta nini: kava halipitishi majimaji likiwa kazini na haliwezi kurudiwa baada ya kazi. Kisha swali: je, fundi mwenye N1 na N2 mezani angefika hapo? Msikubali swali la kama angeweza. Karibu kila kitu kinawezekana ukishakiona. Ni kama nyaraka zile zingemsukuma afanye hivyo. N1 inazungumzia kurudiwa kwa kava popote? N2 je? Kama hakuna, andikeni hivyo na mtaje aya. Na kwa dai la 4, mwombeni mchunguzi kwa heshima awaonyeshe nyaraka yenye utepe unaofanya kazi zote mbili.

Barua isijazwe habari za bodaboda na bei nafuu. Ni za kweli na zinauma, lakini bei nafuu haihesabiwi kama hatua ya uvumbuzi.

Na msiongeze kitu kisichokuwemo siku mlipowasilisha. Kama upana wa utepe haukuandikwa, usiuandike leo.

Tengeru_Lab

Naongezea kutoka Arusha. Kabla ya kujibu, tafuteni wenyewe, mchunguzi naye anaweza kurudi na nyaraka mpya. Hifadhidata za hataza za Espacenet na Patentscope ni bure. Tumieni namba ya uainishaji A61B 46/10, ndiko yanakokaa makava ya vifaa vya upasuaji kama darubini, na A61B 17/16 kwa drili za mifupa. Halafu angalieni pia vifungashio vya kawaida, mifuko ya usalama ya benki inayochanika ukiifungua. Hapo ndipo mimi ningetafuta kama ningekuwa mchunguzi.

Wapo pia Arbutus Medical, kampuni ya Canada, waliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha British Columbia na madaktari wa Uganda. Wao walichagua kava la kitambaa linalorudiwa, linapita otoklevu kila baada ya upasuaji. Ni njia iliyo kinyume na yenu kabisa, na inawasaidia: inaonyesha kwamba mtu aliyelikabili tatizo lile lile hakuelekea mlikoelekea.

Msisahau kuwa hataza si ruhusa ya kuuza. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, watataka ushahidi wa usterailishaji na wa kifungashio. Kama ni gesi ya ethilini oksaidi soma ISO 11135, kifungashio ni ISO 11607, na kwa uwezo wa kuzuia majimaji angalieni EN 13795 ya shuka za upasuaji. Ofisi yao ya kanda iko hapa Arusha, nendeni mapema.

SistaMstaafu

Hilo la kitambaa nalo lisidharauliwe. Hospitali ya wilaya yenye otoklevu nzuri na bajeti mbovu itapenda linalorudiwa. Lenu likiisha stoo na hakuna pesa ya kuagiza, daktari atarudi kwenye drili ya mkono. Fikirieni bei kabla ya yote.

FundiVifaa_Moshi

Nimekusikia Sista, na mwenzangu kasoma uzi wote, sasa anasema tujibu. Nimeandika hivi, naomba mnikosoe:

"Kava la kufunika drili ya upasuaji, lenye mwili wa mfuko laini, pete ya mbele ya kubana shingo isiyozunguka ya drili, mlango wa nyuma, na mstari wa vitobo kwenye mwili wa mfuko kuanzia mlangoni kuelekea kwenye pete, pamoja na utepe wa gundi wa kufunga mlango ulio karibu na vitobo, ambapo kubandua utepe kunachana mwili wa mfuko."

Mzee wa Madai

Karibu sana na lengo. Toa "ulio karibu na vitobo". Karibu ni kiasi gani? Mchunguzi atasema haliko wazi, na utepe usiogusa vitobo hauzibi kitu. Weka "unaofunika vitobo vyote na kuvizuia kupitisha majimaji mlango ukiwa umefungwa". Mwishoni andika "kubandua utepe ili kufungua mlango". Mkunjo uwe dai la 2, lenye kutegemea la 1.

Kila badiliko likae na namba ya aya yake kwenye maelezo ya awali, na mchoro wa 4 utajwe. Mpeni wakala wenu wa hataza aipitie wiki hii, asisubiri siku ya mwisho. Na muulizeni kuhusu kugeuza ombi kuwa la modeli ya matumizi (aina ya hataza ndogo) iwapo mchunguzi atashikilia msimamo wake kwenye hatua ya uvumbuzi, maana njia hiyo ipo na masharti yake ni mepesi zaidi.

FundiVifaa_Moshi

Nimerekebisha. Aya ya vitobo ni ya 23, ya utepe ni ya 24. Kesho asubuhi naipeleka kwa wakala.